Gesi ya Mishipani na Swali kwa Baba Mkwe

Vijana wangu wa kituo cha afya, siku mliponiaga mlinipa kitenge, sufuria kubwa na daftari tupu. Kitenge nimeshona, sufuria imeshapika maharage mara nyingi, na daftari ndilo hili. Sitaandika nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, kwa kuwa cheo hakijawahi kumshusha mtu homa. Nitaandika juu ya gesi. Msicheke. Nimeuguza watu hapa Uvira zaidi ya miaka thelathini, nimezalisha, nimeshona majeraha, nimeyakimbia mafuriko ya mto Mulongwe na sanduku la chanjo kichwani. Lakini mtu akiniuliza ni kitu gani kilinifurahisha kuliko vyote, nitamjibu kwamba ni gesi isiyoonekana, inayoishi sekunde chache tu ndani ya mishipa ya damu ya kila mmoja wenu, hata sasa mnaposoma. Inaitwa oksidi nitriki. Nikiitaja tu, mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu, bado moyo unaniruka!

Nilianza kazi nikiwa msichana mwembamba kutoka Bwegera, mtoto wa wakulima wa mpunga, nimevaa blauzi nyeupe ya kuazima iliyonibana kwapani. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Papa Ramazani, muuguzi mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuniuliza jina.

"Weye unajuaka kuuliza?" akasema.

"Kuuliza nini, Papa?"

"Minye nauliza kama unajuaka kuuliza. Muntu atakuletea kikohozi, kumbe ile inamuua iko mu mufuko yake."

Sikuelewa kitu, nikaitika kwa adabu kama tunavyoitika wote siku ya kwanza. Asubuhi hiyo alinionyesha kabati lake. Kulikuwa na sindano za kuchemshwa, mizani ya watoto iliyopungua nusu kilo, na kichupa cha kioo cha rangi ya kahawia alichokilinda kuliko mboni ya jicho. Ndani yake mlikuwa na trinitrini, vidonge vidogo kuliko punje ya mchele, vya watu ambao kifua kinawabana kwa sababu mishipa ya moyo imekuwa myembamba. Alinifundisha kwamba kidonge hakimezwi, kinawekwa chini ya ulimi. Hakifungwi kwenye karatasi wala mfuko wa plastiki, kinakaa katika kichupa chake, mbali na jua, kwa maana joto la huku kwetu linakiua kabla hakijafika kwa mgonjwa. Na mgonjwa lazima awe ameketi. Hilo la kuketi alilirudia mara tatu, nami nikalisikia mara moja.

Wiki ya pili akaja mama mmoja muuza mikeke, wale samaki wa ziwa letu, kifua kinambana, beseni la samaki kichwani. Alikataa kulishusha, eti wangemwibia. Nikampa kidonge akiwa amesimama. Hazikupita dakika tano, mama akaanguka na beseni lake, mikeke ikatawanyika sakafuni hadi chini ya kitanda cha kuzalishia. Papa Ramazani alimwinua miguu kwanza, halafu akaokota samaki, halafu akanigombeza, kwa mpangilio huohuo. Mama alipofungua macho, maumivu ya kifua yalikuwa yamekwisha, kichwa kinamgonga, na neno lake la kwanza likawa kutuuliza kama paka ameingia.

Mimi nikabaki na swali langu. Kidonge kidogo hivyo kinawezaje kuondoa maumivu ya moyo na palepale kumlaza mtu chini? Papa Ramazani alisafisha miwani yake.

"Inafunguaka mishipa," akasema. "Inafungua namna gani, uulize Mungu."

Nilimuuliza Mungu kwa miaka kadhaa. Jibu likaja na Dokta Byamungu, daktari kijana aliyetumwa kwetu, mwenye maneno mengi na soksi zisizofanana. Kila Jumatano mchana alitukusanya na kutufundisha, akichora kwenye maboksi ya serum, yale maji ya dripu, kwa sababu karatasi hatukuwa nazo. Jumatano moja akachora mshipa wa damu, na ndani yake ngozi nyembamba sana. Ngozi hiyo, akasema, inatengeneza gesi. Gesi inapenya kwenye nyama ya mshipa na kuiambia ilegee, mshipa unapanuka, damu inapita, na gesi inakufa palepale.

Nilipiga kelele. "Gesi, Dokta? Ndani yetu?" Akacheka, akasema hata wataalamu wakubwa walibisha kwanza, kwa sababu gesi hiyohiyo inatoka kwenye moshi wa magari, na nani angefikiri mwili unaitengeneza kwa faida yake. Trinitrini ilikuwa imewapunguzia watu maumivu zaidi ya miaka mia kabla hajapatikana mtu wa kueleza kwa nini. Na trinitrini yenyewe ndiyo ile ile inayolipua mawe kwenye baruti! Zamani wafanyakazi wa viwanda vya baruti walikuwa wanaumwa kichwa kila Jumatatu wakirudi kazini, mishipa yao ikifunguka kwa vumbi la kazi. Jamani, sikulala mchana ule wala usiku wake. Nilijisikia kama mtu aliyekaa na jirani miaka yote bila kujua kwamba ni ndugu yake.

Nilianza kuiona kila mahali. Mtoto mwenye malaria kali, chembe za damu zinapasuka, na yanayomwagika humo yanaimeza gesi hii, ndipo mishipa midogo inabana na ubongo unakosa damu. Mgonjwa ambaye vijidudu vimeenea mwilini, yeye anatengeneza gesi kupita kiasi, mishipa yote inalegea na tansiyo, yaani msukumo wa damu, inaanguka. Ikipungua ni balaa, ikizidi ni balaa. Hata lenga-lenga, mchicha wetu, ya sahani yangu ikawa somo, maana vijidudu vilivyo juu ya ulimi vinachukua chumvi fulani ya mboga hiyo na kuianzisha safari ya kuwa gesi. Nikalieleza hilo mezani, kijiko mkononi, mpaka mume wangu akasema, "Mama Amani, mu nyumba yetu hata mboga iko na masomo. Tukule kwanza."

Halafu vikaja vidonge vya buluu, vile wanaume wanavyonunua kimyakimya kwa wachuuzi ili wajisikie vijana. Dokta Byamungu alitaka tuvielewe vizuri, lakini wenzangu walikuwa wanacheka na kufunika uso kwa madaftari. Ni mimi niliyesimama nikaeleza kwa mpunga. Kwetu Bwegera mfereji una vijilango, nikasema. Mzee mmoja anapita akivifungua maji yaende mashambani, mwingine anafuata nyuma akivifunga. Gesi ndiyo mzee anayefungua. Trinitrini inaleta wafunguaji kumi kwa mara moja. Kidonge cha buluu chenyewe hakifungui kitu, ila kinamshika mkono yule anayefunga. Sasa mpe mtu vyote viwili siku moja. Vijilango vyote viko wazi, hakuna wa kufunga, maji yanamwagika mashambani na mfereji mkuu unabaki tope. Damu inakosa nguvu ya kufika moyoni, na mtu anakufa huku anatibiwa. Dokta alinipigia makofi. Aliongeza kwamba kidonge hicho kinaweza kuziba pua, na wengine wanaona kila kitu kimeingia rangi ya buluu. Nikaandika. Mimi naandikaga kila kitu.

Sasa niwaeleze kuhusu baba mkwe wangu. Jina lake sitaliandika hata hapa. Katika familia niliyoolewa, mke wa mtoto na baba mkwe wanaishi kwa haya kubwa. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawashikani mkono, hawabaki wawili chumbani. Mimi jina lake silitaji, na yeye langu halitaji, ananiita "ule mama" anapozungumza na wengine. Nikitaka kumwambia kitu, nilikuwa namwambia mama mkwe, yeye anamwambia mumewe aliyeketi hatua mbili kutoka kwangu. Wageni wanacheka. Sisi tuliona ni heshima, na nawaambia, kuna amani fulani katika mtu ambaye huwezi kugombana naye. Mama mkwe alipofariki, nikawa namwambia kupitia mume wangu. Mzee alipoanza kubanwa na kifua, ni mimi niliyemwona akishika ukuta. Nilimtuma mume wangu ampeleke kwa daktari, akaandikiwa kichupa cha trinitrini.

Basi Jumapili moja saa sita mchana, nikiwa zamu, mume wangu akaingia na baba yake amemfunga kwa kitenge mgongoni mwa pikipiki asianguke. Mzee alikuwa na suti yake ya kanisani. Jasho linamtoka, mkono kifuani. Mama Furaha, mkunga mwenzangu, ndiye aliyempima, kwa sababu mimi sikuweza kumgusa.

"Kumi kwa sita," akaniambia.

Kwa karatasi yetu ya ukutani, tansiyo hiyo, yaani mia kwa sitini, bado inaruhusu kumpa trinitrini. Lakini mzee huyu ni wa tansiyo kubwa, kwake kumi ni kama chini ya ngazi. Tulimwekea mashine ya oksijeni. Mume wangu alikuwa ameshatoa kichupa mfukoni.

"Si hii njo dawa? Umuwekee chini ya lulimi! Unangojea nini?"

Nilikimimina kidonge mkononi. Mzee, kwa ile haya yetu, akageuza uso ukutani asinitazame. Akazungumza na mtoto wake kwa sauti ya mtu aliyezibwa pua.

"Ukuta ya hapa balipakaka rangi ya buluu siku gani?"

Ukuta ulikuwa mweupe. Niliupaka chokaa mimi mwenyewe kabla ya Pasaka.

Mkono wangu ukasimama. Wenzangu, mwili wote ulinisisimka! Nilijua. Yaani nilijua nusu, maana mtu aliyekosa damu ya kutosha kichwani naye anaweza kuona maluweluwe. Nisipompa dawa ile na kumbe hakunywa kidonge cha buluu, ninamwacha baba wa mume wangu ateseke bure. Nikimpa na kumbe alikunywa, ninamuua kwa mkono wangu. Kilichobaki ni kuuliza. Na hakuna mwanamke wa familia yetu aliyewahi kumuuliza baba mkwe wake jambo la namna hiyo tangu mlima wa Uvira usimame. Kumtuma mume wangu amuulize? Mzee angekufa kabla hajalitamka mbele ya mtoto wake. Mama Furaha je? Alikuwa anaimba naye kwaya moja, aibu ingemfuata mzee hadi kanisani.

Nikamtuma Mama Furaha akapige simu ya ambilansi. Halafu nikamwambia mume wangu atoke.

"Minye nitoke? Iko baba yangu!"

"Njo maana utoke."

Nilimsukuma, mimi ambaye sijawahi kumpandishia sauti mbele ya watu, nikafunga mlango kwa komeo. Tukabaki wawili. Nikampa mzee mgongo, nikainama kwenye mashine ya oksijeni iliyokuwa inanguruma kitandani pake.

"Mashine," nikasema, "uniulizie mugonjwa wako. Leo alikunywa dawa ingine? Ile ya nguvu ya wanaume?"

Nje mume wangu anapiga mlango kwa ngumi.

"Mashine, umuambie mugonjwa wako: kama aliikunywa, hii kidonge iko mu mukono yangu itamuua. Kama hakuikunywa, inaweza kumusaidia. Minye siko na njia ingine ya kujua. Na ile atasema, haitatoka mu hii chumba."

Nikasikia amekohoa. Kisha sauti yake, ndogo, ikaelekea kwenye mashine.

"Mashine. Umujibu ule mama. Nilikunywa moya. Asubui, mbele ya kwenda Mulongwe." Akapumua. "Na nusu."

Moja na nusu! Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nilirudisha kile kidonge kichupani, nikakifunika, nikajikuta nasema "asante Mungu" kwa sauti. Halafu kazi ikaanza, na haya ikakaa pembeni. Nilimlaza, nikainua miguu yake juu ya mito miwili, nikampa aspirini atafune, nikaweka mrija wa serum na kuiacha idondoke polepole. Niliandika kwenye karatasi ya rufaa, kwa herufi kubwa, kwamba asipewe trinitrini kwa siku nzima, na sababu nikaiandika kwa jina la kidaktari ambalo mume wangu hasomi. Tansiyo ilishuka hadi tisa, ikasimama hapo, ikapanda tena. Hospitalini alikaa siku nane. Daktari wa kule aliniambia kwa simu kwamba kidonge kimoja cha trinitrini mchana ule kingetosha kutuandalia msiba.

Leo ninaandika haya kwa ruhusa yake. Wakati ule sikuwa nayo. Na hapo ndipo nilipojua kwamba kuokoa mtu ni sehemu nyepesi ya kazi yetu.

Mume wangu aliona kwa macho yake mambo matatu. Nilikataa kumpa baba yake dawa. Nilimfukuza yeye, mtoto wake wa kumzaa. Nilijifungia chumbani na baba mkwe. Aliniuliza sababu jioni ileile, nikamjibu kwamba ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Aliniuliza tena kesho yake kwa upole, na keshokutwa bila upole. Sikusema. Papa Ramazani alikuwa amenifundisha mengi ila hakunifundisha namna ya kulala kitanda kimoja na mtu anayekushuku. Wiki tatu tulikula kimya. Mzee alikuwa amerudi nyumbani, anatembea uani kwa fimbo, naye kimya. Nilimkasirikia, nasema kweli. Nilikuwa napita na ndoo mbele yake nikitamani kuongea na ndoo ile kwa sauti.

Mwisho wakaita kikao cha familia, uani kwa shangazi wa mume wangu. Shangazi huyo ana ulimi ambao hauhitaji kunolewa. Wakubwa walikaa kwenye viti, mimi nikapewa kiti cha peke yangu, na mzee akakaa mbele pamoja na ndugu zake. Nilikuwa nimetoka zamu moja kwa moja, mkoba wa kazi begani. Shangazi alisimama.

"Tangu siku gani mukwe anafungaka mulango na baba mukwe wake? Na dawa alikatala kumupa! Aseme hapa, twelewe. Akikatala kusema, arudie kwabo Bwegera mupaka atapata mudomo."

Mume wangu alikuwa anatazama chini. Wakanigeukia wote. Miaka ishirini na sita ya ndoa, watoto watano, na ningeweza kuimaliza kesi kwa maneno manne tu.

"Ya mugonjwa ni ya mugonjwa," nikasema. "Siko na ingine."

Shangazi akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyemaliza hesabu. Ndipo fimbo ya mzee ikagonga chini.

"Sifa."

Watu wote walishtuka. Mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa kwamba ni jina langu, kwa kuwa sikuwahi kulisikia kwenye mdomo ule.

"Sifa, uniangalie."

Nikainua macho. Alikuwa amesimama, ananitazama usoni.

"Muntu asimuulize uyu tena," akawaambia. "Muniulize minye. Niko na mama moya mu mutaa ya Mulongwe, mujane, nitamuoa. Niliogopa ataniona nimezeeka. Nikanunua kidonge ya wanaume kwa muchuuzi wa Kamanyola. Ile siku, kama uyu alinipa dawa mulikuwa munalilia, hapa mungekuwa munakalia matanga. Aliniuliza ile hakuna muntu alishawai kuniuliza. Alinichungia siri, na minye nikanyamaza wiki tatu juu ya haya yangu, mupaka munataka kumufukuza mu nyumba ya mutoto yangu."

Hakuna aliyecheka. Hata shangazi alikaa. Mume wangu alifunika uso kwa mikono miwili.

Mzee akavuta kiti chake. Alikiburuza mwenyewe, taratibu, kuvuka ua wote, hadi kikagusana na changu. Akaketi. Akafungua kifungo cha mkono wa shati, akakunja mara mbili, akaunyoosha mkono wake mtupu juu ya magoti yangu.

"Pima," akasema. "Mbele yabo bote."

Nilitoa mashine ya tansiyo kwenye mkoba. Nilimfunga, nikapampu, nikaweka stetoskopu masikioni, na sikusikia kitu kwa sababu ya mapigo ya moyo wangu mwenyewe. Nikafungulia hewa, nikaanza upya. Mara ya pili nikausikia wake.

"Kumi na tatu kwa nane," nikamwambia.

"Iko muzuri?"

"Iko muzuri, Baba."